Kununua na kuuza komiki za zamani kwa minada ya mtandaoni ukiwa Nairobi, hatua kwa hatua

Watu wakisikia komiki ya zamani imeuzwa mamilioni wanadhani ni mambo ya Marekani hayatuhusu, na kweli zile kubwa ziko huko. Action Comics namba 1 ya 1938, ile ilikuwa inauzwa senti 10 za Marekani, nakala moja ilienda dola milioni 3.2 kwa eBay mwaka 2014 na nyingine ikaenda dola milioni 6 mwaka 2024 kwa mnada wa Heritage, kampuni ya minada iliyo Texas. Lakini sio hizo nataka tuongelee. Nataka tuongelee komiki ya dola 20, ya dola 60, labda 200 ukijinyima, na zile ambazo ziko hapa hapa town kwa wauzaji wa vitabu vya inama, vile vya mitumba vinatandazwa kando ya barabara, na watu wanapita tu. Na shika hii kabla hujaweka dau hata moja: hali ya kitabu ndio bei. Amazing Fantasy namba 15 ya 1962, nakala safi kabisa ya gredi 9.6 kwa 10 iliuzwa dola milioni 3.6 mwaka 2021, na kitabu hicho hicho kikiwa kimechakaa kinaenda makumi ya maelfu tu. Hadithi ni ile ile na wino ni ule ule, tofauti ni vile karatasi ilitunzwa.

Hatua ya kwanza, chagua kitu kimoja

Usinunue kila kitu unaona. Chagua kipindi ama mchoraji ama mhusika mmoja ukijue mpaka ukiona picha ya kava unajua mwaka. Wenye hii biashara hugawa komiki za Marekani kwa vipindi, za kutoka 1938 hadi katikati ya miaka ya 50 ndio ghali zaidi, halafu za kutoka 1956 hadi karibu 1970, halafu za 1970 hadi kama 1985. Mtu wa mfuko wa kawaida aanzie hicho kipindi cha mwisho, ziko nyingi na ukikosea hauumii sana.

Ama uanzie na zile tulikua nazo. Beano ilianza 1938 huko Uingereza, Commando vile vitabu vidogo vya vita vilianza 1961, Amar Chitra Katha ya India ilianza 1967, na hizi zote watu wa Nairobi wamezisoma miaka na miaka. Na ukitaka maoni yangu ya kweli kabisa, anzia na za hapa. Joe, lile jarida la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lililotoka 1973 mpaka 1979. Pichadithi za miaka ya 80, ngano na visa vya kale vya Kenya kwa michoro. African Film ya kampuni ya Drum, ile hadithi ya mapicha ya Lance Spearman na kofia yake, ambayo babu zetu walikuwa wanaipokezana darasani miaka ya 60 na 70. Hizi hazikuwa zinatunzwa, watu walisoma wakafungia nyama, kwa hivyo nakala nzima ni ngumu kupata na wanaozitafuta wako mpaka ng'ambo, kuna vyuo vikuu vya huko vinazikusanya. Sisi wenyewe ndio tunazipuuza, na hiyo inaniuma.

Hatua ya pili, jifunze gredi

Komiki inapewa alama kutoka 0.5 mpaka 10.0. Kuna kampuni inaitwa CGC huko Florida, ilianza mwaka 2000, unawatumia kitabu wanakikagua, wanakipa alama, wanakifungia kwa kasha la plastiki ngumu lenye lebo na namba. Lebo ya buluu ni kitabu cha kawaida, ya njano imesainiwa mbele ya shahidi wao, ya zambarau kitabu kimetengenezwa, yaani kuna mtu amegusa rangi ama ameziba karatasi, na hiyo hushusha bei vibaya sana. Ile namba iko kwa lebo ingiza kwa tovuti ya CGC uone kama maelezo yanafanana na kitabu unauziwa, ni bure, na usiruke hiyo hata kama muuzaji ana sifa nzuri aje, juu kuna wakora wanachapisha lebo feki.

Kama kitabu hakiko kwa kasha, wewe ndio mkaguzi. Angalia mgongo kwanza, kila mkunjo mdogo unaovunja rangi ni alama inapotea. Angalia pini za stepla kama zina kutu na kama kutu imeingia kwa karatasi. Angalia kama kava bado imeshikwa na pini zote mbili. Uliza rangi ya kurasa, nyeupe, krimu, ama zimekuwa kahawia na zinavunjika ukigusa, hizo za kuvunjika achana nazo. Uliza kama kurasa zote ziko na kama kuna kuponi imekatwa, hii watu husahau, komiki za zamani zilikuwa na fomu za kukata za kuagiza vitu na watoto walikuwa wanakata kweli, na nyuma ya hiyo fomu ni hadithi, kwa hivyo unapata ukurasa una shimo. Muulize muuzaji ahesabu kurasa na akupigie picha ya ukurasa wa katikati ukiwa umefunguliwa. Akikataa kupiga picha moja tu, hiyo ni jibu.

Feki za kujua

Kuna moja nitaieleza vizuri kwa sababu imekula watu wengi. Mwaka 1974 kampuni ya DC ilichapisha upya Action Comics namba 1 kama toleo kubwa la kumbukumbu, ndani kila kitu vile kilikuwa 1938, mpaka matangazo, mpaka ile bei ya senti 10 kwa kava. Tofauti ni kwamba lilikuwa na kava ingine ya juu inayosema ni toleo la kumbukumbu. Sasa mkora anatoa ile kava ya juu, anabaki na kitabu kinachokaa cha 1938. Dawa yake ni rula. Hilo toleo la 1974 lina upana kama sentimita 25 na urefu karibu 34, na komiki halisi ya miaka hiyo ni kama 19 na nusu kwa 26. Mwambie muuzaji aweke rula kando ya kitabu apige picha. Rula ya shilingi ishirini inakuokolea pesa ya gari.

Kingine sio feki lakini watu hukitupa wakidhani ni feki. Miaka ya 60 Marvel walikuwa wanachapisha nakala za kupeleka Uingereza huko huko Marekani kwa wakati mmoja na zile zingine, ila kwa kava wanaweka bei ya pensi, kama 9d, badala ya senti. Uingereza ilibadilisha pesa Februari 1971 kwa hivyo baada ya hapo unaona p ya pensi mpya badala ya d ya pensi ya zamani. Ukiokota Nairobi komiki ya Marvel ya zamani yenye 9d usiseme ni kopi, ni chapa ya kwanza halali. Kwa kawaida inauzwa chini kidogo ya ile ya senti ingawa kuna watu wanazitafuta hizo hizo.

Hatua ya tatu, tafuta bei ya ukweli

Bei ambayo mtu ameandika kwa tangazo sio bei, hata mimi naeza andika milioni. Kwa eBay kuna chujio la kuonyesha vitu vilivyouzwa tayari, tumia hiyo. Heritage nao wana kumbukumbu ya minada yao yote, ukijiandikisha bure unaona bei ya mwisho na picha kubwa. Linganisha gredi na gredi, ya 6.0 na ya 6.0, usichukue bei ya 9.4 uiweke kwa kitabu chako kilichoraruka. Angalia mauzo kadhaa ya karibuni, sio moja, manake mnada mmoja watu wawili wakipandishana hasira bei inaenda juu bure. Kama unataka kujua kitabu kilitoka mwezi gani na nani alichora, Grand Comics Database iko bure.

Hatua ya nne, piga hesabu yote ndio uweke dau

Hapa ndio wengi wanaumia. Tuseme umeona kitabu unataka kukipa dola 60. Kwa kichwa yako hiyo ni kama 7,800 ukichukua dola kwa 130. Ongeza dola 35 za kutuma kutoka Marekani, tayari uko 12,350. Ongeza VAT ya asilimia 16 wakikuchaji, juu ya jumla yote pamoja na usafiri, unagonga 14,300, bado ada za forodha na za yule anayekushughulikia, bado ile benki inajikatia ikibadilisha pesa. Weka 15,000. Kitabu cha dola 60 kimekuwa karibu mara mbili. Sasa jiulize kama unakitaka kwa 15,000, na kama ni ndio, weka dau. Kabla ya yote uliza ajenti wa forodha ama mtu wa kampuni ya usafirishaji komiki inaingizwa kwa kodi gani, usibahatishe ati vitabu havilipiwi.

Na kama ni nyumba za mnada kama Heritage, soma masharti uone ada ya mnunuzi, inaeza kuwa asilimia 20 ama zaidi juu ya bei ya nyundo, ile ya dau lililoshinda. Yaani ukishinda kwa 100 unalipa 120 na bado haijatoka Texas.

Hatua ya tano, mnada wenyewe

eBay inafanya hivi, unaweka kiwango chako cha juu kabisa na mfumo unakupigania polepole. Ukiweka 80 na mwenzako kiwango chake kilikuwa 50, wewe unashinda kwa 51, hawachukui 80 yote. Kwa hivyo hakuna haja ya kupanda dola moja moja kutoka siku ya kwanza, unajiongezea wapinzani tu na kuonyesha watu kuna kitu hapa. Andika kiwango chako kwa karatasi, subiri sekunde za mwisho, weka mara moja, basi. Kikipita kiwango chako wacha kiende, kuna kingine kitakuja, hizi vitabu zilichapishwa kwa malaki.

Shida yetu ni saa. Minada mingi ya Marekani inaisha Jumapili usiku kwao, saa tatu ya New York ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu hapa, na kwao kukiwa na baridi ni saa kumi na moja. Kama unajua hutaamka ama stima ya kwenu hupotea potea, weka kiwango chako cha juu usiku kabla ya kulala. Na nyumba zingine za mnada dau la mwisho huongeza dakika, kwa hivyo ile janja ya sekunde ya mwisho haisaidii huko, soma kwanza.

Minada inayoisha Jumanne mchana kwao, yenye picha mbaya na jina la kitabu limeandikwa vibaya, ndio huwa na bei nzuri. Tafuta kwa makosa ya spelingi. Ni kazi ya uvumilivu lakini inalipa.

Kulipa na kusafirisha

Kadi ya benki inafanya, na kama huna kuna M-Pesa GlobalPay ambayo Safaricom na Visa walileta mwaka 2022, unapata namba ya kadi kwa simu. PayPal pia imeungana na M-Pesa kutoka 2018. Lipa ndani ya mfumo wa mnada pekee. Muuzaji akikwambia mtoke nje ya eBay umtumie moja kwa moja ndio akupunguzie, huyo anataka kukuingiza boksi, manake ukitoka nje ulinzi wote umekwisha.

Watu wengi wanatumia kampuni zinazokupa anwani ya Marekani kisha zinaleta mzigo Nairobi, nyingi huwa Delaware juu huko hakuna kodi ya mauzo. Ni bei nafuu lakini jua mambo mawili. Moja, ulinzi wa eBay unaishia pale kifurushi kinafika kwa hiyo anwani ya kwanza, kikikunjwa kikija huku ni shida yako. Mbili, wanafungua vifurushi na kuviunganisha ili kupunguza uzito, kwa hivyo waandikie wasifungue. Kwa kitabu cha dola 30 tumia hao. Kwa cha 300, lipa muuzaji alete moja kwa moja kwa njia yenye namba ya kufuatilia na bima.

Kikifika, rekodi video ukifungua, kutoka kwa bahasha ikiwa imefungwa mpaka ukurasa wa mwisho, bila kukata. Kama kitu hakifanani na maelezo una siku 30 za kulalamika kwa eBay, na hiyo video ndio ushahidi.

Kutunza

Mfuko wa plastiki wa komiki na kadibodi isiyo na asidi nyuma, simamisha wima kwa sanduku, mbali na jua na sakafu. Msimu wa mvua ya Machi mpaka Mei usiviweke kwa ukuta unaotoa unyevu, kuvu inaingia na haitoki. Na tafadhali sana, tumefundishwa shuleni kuvalisha vitabu nailoni na selotepu, usifanye hivyo. Selotepu inakuwa kahawia na kula karatasi. Usipeleke cyber ikalaminetiwe. Komiki ikishalaminetiwa kwa wanunuzi imekufa.

Sasa kuuza

Pita kwa vitabu vya inama, Tom Mboya, Latema, maeneo hayo, na uwe na adabu, salimia, muulize mwenye meza kama ana vitabu vya picha vya zamani nyumbani ama kwa magunia chini ya meza, mara nyingi viko huko juu anaona haviuziki. Mlipe vizuri, na mwambie ukweli kwamba unavikusanya, kesho yeye ndio atakupigia simu akipata vingine. Ukimpiga bei ya kutupa atasikia siku moja na hutawahi pata kitu tena. Tembelea pia wazee, mali ya mtu aliyefariki wakati mwingine huchomwa pamoja na vitabu vyake vyote.

Ukipata, usitengeneze. Usifute ile bei iliyoandikwa na biro kwa kava, usifute muhuri wa duka wala jina la mtoto wa shule, usinyooshe na pasi, usibadilishe pini zenye kutu. Futa vumbi na brashi laini, basi. Nakala za Nairobi karibu zote zina hizo alama na sio aibu, Joe ya 1975 yenye muhuri wa duka la vitabu la River Road inaonyesha ilikopita, kuna wanunuzi wanaipenda hiyo hiyo.

Piga picha karibu na dirisha asubuhi, bila flashi na bila filta, kwenye kitambaa cheusi. Kava ya mbele, ya nyuma, mgongo, katikati penye pini, ule ukurasa wenye maandishi madogo ya mchapishaji na mwaka, na kila kasoro kwa karibu na rula kando. Halafu andika maelezo kama mtu anayejua mnunuzi yuko Toronto na hawezi kugusa. Mfano mimi ningeandika: "Joe, 1975. Kurasa zote ziko, krimu, hazivunjiki. Pini ya juu ina kutu kidogo, haijaingia kwa karatasi. Mkunjo wa sentimita 3 kona ya chini kulia unavunja rangi. Jina limeandikwa na biro ya buluu ukurasa wa kwanza. Hakuna selotepu." Gredi jipe ya chini kidogo kuliko unavyofikiria. Mtu akipata kitabu kizuri kuliko alivyotarajia anarudi, akipata kibaya anarudisha, na usafiri wa kurudisha ni wewe.

Bei ya kuanzia iwe ile unaeza ishi nayo. Kuanza na dola moja ni kwa vitabu vinavyojulikana ambavyo watu mia wanatafuta, lakini kwa kitu kama Pichadithi wanaokijua ni wachache, wiki hiyo wakiwa wamelala utakiuza bei ya chai, kwa hivyo anzia juu na uandike maelezo marefu ya ni nini. eBay watachukua zaidi ya asilimia 13 ya bei ya mwisho pamoja na usafiri, na muuzaji mgeni pesa yake inaeza kushikiliwa kwa muda kabla ya kutolewa, usipange kulipia karo nayo.

Na kwa hizi za hapa, ombi langu, kabla haijapanda ndege iskani yote vizuri ubaki nayo, na itangaze kwanza kwa wakusanyaji wa Kenya kwa Facebook na WhatsApp, mnada wa kikundi ni rahisi, saa ya kuanza, saa ya kufunga, dau linaandikwa chini ya picha, mshindi analipa kwa M-Pesa mkikutana mahali pa watu. Wakikosa, basi ipeleke nje na roho safi.

Kupakia kwa safari, weka kwa mfuko, kadibodi mbili za katoni kubwa kuliko kitabu, moja mistari yake wima na ingine mlalo ndio isikunjike, mfuko umeshikwa kwa kadibodi moja na selotepu isiyogusa mdomo wa mfuko, halafu nailoni juu ya yote kwa sababu ya mvua, ndio bahasha. Posta ama kampuni ya usafirishaji, chukua namba ya kufuatilia na utunze risiti. Ukituma Marekani uliza kwanza siku hiyo hiyo mahitaji ni gani, ule msamaha wao wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa Agosti 2025 na makaratasi yamebadilika. Barua pepe ikisema umelipwa usiamini barua pepe, fungua akaunti yako mwenyewe uone pesa imeingia ndio upeleke kifurushi, na mnunuzi akituma zaidi ya bei halafu akuombe umrudishie chenji, ghairi mauzo hapo hapo.